Nukta ya Saa Kumi Alfajiri

Ghorofa ya tano, Barabara ya Ngong.
Dirisha langu linatazama gereji na mjakaranda mmoja.
Kazi yangu ni kuwatumia barua pepe wanaodaiwa.
"Mpendwa mteja," naanza, kwa adabu ya mchinjaji,
kisha chini kabisa, baada ya jina la kampuni,
napachika picha.

Usiitafute. Haina rangi, haina upana wa unywele,
nukta nyeupe juu ya weupe,
punje ya chumvi iliyodondoka kwenye shuka.
Lakini ukifungua barua, picha inaitwa,
ikiitwa inakuja mbio kutoka kwenye seva yetu,
na nyuma yake inaacha mlango wazi:
saa, aina ya simu, mtaa au makisio ya mtaa.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Bi Syokau wa Tassia,
ambaye sijawahi kumwona.
Elfu nane na mia nne, riba juu yake.
Alifungua Jumatatu, akafungua Jumanne,
Alhamisi akafungua saa nane na robo usiku.
Nikawaandikia wenzangu wa simu:
Anasoma. Mpigieni. Anajifanya tu.
Wakampigia. Wakampigia dada yake.
Wakampigia mwajiri wake.

(Vile vidude vingine, vinavyojificha kwenye kurasa,
Wazungu huviita biskuti,
kana kwamba umekaribishwa chai.
Sisi tukaviita vidakuzi,
na anayejua kudakua mambo ya watu ni nini
atakubali kwamba, mara hii, mfasiri hakumficha mtu.)

Mwezi wa tisa nikapachika nukta
kwenye barua yangu mwenyewe.
Ya Nyangweso, kaka yangu. Hatujasemezana
tangu alipouza charahani ya mama
kabla matanga hayajaanuliwa,
nami nikamwita mwizi mbele ya shangazi zetu wote.
Niliandika mistari minne. Nikafuta mmoja.
Nikabakiza neno samahani, na chini yake, ile nukta.

Saa kumi na dakika saba alfajiri: imefunguliwa.

Nilimwona! Amekaa ukingoni mwa godoro,
uso umemulikwa na simu,
nyayo juu ya saruji baridi.
Siku ya pili tena, dakika ile ile. Ya tatu tena.
Nikasema, halali, yana majonzi hayo.
Nikasema, damu.
Nikanunua unga wa mandazi, labda Jumapili atatokea.

Hakujibu.

Wiki ya tatu nikamwonyesha Chelagat wa mitambo.
Akacheka, si kwa ubaya, muhogo bado mdomoni:
"Dakika ile ile kila siku? Huyo si mtu.
Ni mashine ya kampuni inayomtunzia barua.
Inazipitia usiku, inagusa kila picha
ione kama ina sumu.
Bawabu huyo, dada.
Mwenye nyumba huenda hajui kama ulibisha."

Nikarudi mezani. Mjakaranda ulikuwa umemwaga maua
juu ya magari yasiyo na injini.
Nikafungua jedwali la Bi Syokau.
Alhamisi, saa nane na robo.
Jumanne, saa nane na robo.
Jumatatu, saa nane na robo.
Safu hiyo sikuwahi kuisoma kwenda chini.

Nani alikuwa anajifanya?

Jana usiku nimemwandikia Nyangweso upya,
mistari mitatu ile ile, chini yake hakuna kitu.
Nimeituma saa nne, nikazima simu, nikalala chali.
Sijui kama ameisoma.
Sijui.
Nilikuwa nimesahau uzito wa neno hilo,
na kwamba watu hulala nalo.

Unga bado uko kabatini, nusu pakiti.
Nambari ya Bi Syokau nimeiandika kiganjani kwa kalamu,
nimpigie mwenyewe, nikishapata la kumwambia.
Imeanza kufutika kwa jasho.